Kazi Zote za Springi

Mdogo wangu mpenzi,

Barua hii ikukute umekaa vizuri, na kama umekaa kwenye kochi, basi liwe nililotengeneza mimi, maana mengine yanaua mgongo. Goti lako linaendeleaje? Shemeji hajambo? Mwambie namsalimu, na ile dawa ya kuchua aliyonipa nimeimaliza, ingawa sikuwa mgonjwa. Mimi ni mzima. Mzee wa umri wangu mwenye meno yake na maneno yake hutampata mtaa huu wote.

Usishangae mwandiko. Zamani barua zangu alikuwa akiniandikia mwanangu mkubwa, na kila nikisema maneno kumi anaandika matano anayoyapenda yeye. Hii nimeiandika mwenyewe, mstari kwa mstari, ulimi nje. Herufi zimelala kama walevi lakini zinasomeka. Nimeingia darasa la watu wazima, lile la jioni pale ukumbini, na usicheke, kwa kuwa wewe uliacha shule kabla yangu.

Najua umeitwa. Mwanangu huyo amekuomba uje Jumamosi kwenye kikao cha familia, unishauri nifunge karakana nikapumzike kwake. Anasema mikono yangu imechoka na makochi yamepitwa na wakati, bora pale pawe duka la simu. Aliyasema hayo mbele yangu, nikiwa na kikombe mkononi, kama mtu anayezungumzia kiti kibovu. Nilimjibu kuwa nilianza kufunga springi kabla baba mkwe wake hajaota ndevu. Akaenda kukuita wewe.

Sasa sikiliza ya darasani. Mwalimu wetu, dada mmoja mpole mwenye miwani, alituambia kila mtu alete neno moja la Kiingereza linalotumika kazini kwake. Kinyozi mmoja ninayesoma naye alileta staili. Mimi nikaleta springi, tena kwa kishindo, maana nani atanifundisha mimi springi? Mwalimu akafunua kamusi yake nene, akasema ni kweli ni ule waya wangu wa kujisokota, lakini pia ni chemchemi ya maji, pia ni msimu wa nchi za baridi majani yanapochipua, na pia ni kuruka. Nikakataa. Nikamwambia neno moja haliwezi kuoa wake wanne na lisionekane limechoka. Tukavutana mpaka kinyozi akasinzia.

Mwalimu hakukasirika. Alieleza kuwa hao wote ni watoto wa mama mmoja, neno la kale sana la Waingereza lenye maana ya kuchupa. Maji yalichupa kutoka ardhini, wakayaita hivyo. Majani yalichupa baada ya baridi, msimu ukaitwa hivyo. Na waya ukiubana ukauachia, unachupa, ukapewa jina lilelile. Akaongeza kuwa wahuni wao hulitumia hata kwa kumtorosha mtu jela. Hapo kinyozi akazinduka, akasema kumbe mzee huyu miaka yote anauza makochi ya kutorokea jela, na yeye anaomba moja kwa ajili ya ndoa yake. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Nilikubali nusu. Nusu nyingine nimebaki nayo mpaka niyaone hayo majani.

Niliporudi nyumbani nikamsimulia Sindano, binti yangu wa mwisho, yule aliyerudi kwangu ndoa yake ilipovunjika. Nilijisifu kuwa springi yangu ina kazi nyingi kuliko kitu chochote duniani. Alikuwa anakata vitunguu. Bila kugeuka akasema hiyo springi bado haijamfikia yeye, maana yeye anapika, anafua, anamchua baba mgongo, halafu anafunga makochi ambayo watu wanamsifia baba. Akaendelea na vitunguu vyake. Mimi nikachukua ufagio, nikafagia maganda yake.

Basi mdogo wangu, nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Mikono yangu inatetemeka tangu mwaka juzi. Kalamu naimudu, kamba ya mkonge hainitii. Kila springi hufungwa na jirani zake, mbele, nyuma, ubavuni na kimshazari, kamba zote zikazwe sawasawa, la sivyo mtu akikaa anazama upande. Siwezi tena kukaza hivyo. Makochi yote yaliyotoka hapa tangu wakati huo, pamoja na lile la mkuu wa shule lililofanya nizawadiwe koti, ameyafunga Sindano nyuma ya pazia, mimi nikiwa mlangoni nimejaza kifua. Koti nimempa. Linampwaya, lakini analivaa.

Kwa hiyo mwanangu amesema kweli kuhusu mikono, na karakana haifungwi ng'o. Wanataka kufunga kwa kuwa fundi amezeeka. Fundi hajazeeka hata kidogo. Nilipomdokezea mwanangu kuwa dada yake anaweza, alicheka, akauliza nani atapeleka kochi lake kwa mwanamke. Na kochi alilofunga Sindano analikalia kila siku, sebuleni kwake. Mimi siombi ruhusa. Ufunguo nimeshamkabidhi Sindano, na sasa ananituma. Juzi alinigombeza kwa kuacha misumari sakafuni, nikaiokota.

Njoo Jumamosi, usikose. Unaijua desturi yetu tangu enzi za baba, kochi halivikwi kitambaa mpaka mtu mzito alikalie springi zikiwa wazi. Hili la sasa nimemwambia Sindano asilivike. Linakungoja wewe, maana ukoo wetu hauna makalio ya kuyashinda yako. Ukae mbele ya mwanangu, ujiachie na uzito wote. Likikuzamisha, Sindano mwenyewe atatoa ufunguo, tumekubaliana. Likikuinua, utamwambia mwanangu la kumwambia ukiwa hapo hapo juu.

Ule vizuri kabla ya kuja. Sitaki mtu aseme ulikuja mwepesi.

Msalimie shemeji na watoto wote, mmoja mmoja. Sindano anakuamkia, anaomba usiweke funguo mfuko wa nyuma, zisije zikakata kamba zake.

Ni mimi kaka yako,
Msaidizi wa Fundi