Safu ya Saba

3 Juni

Mwanangu,

Hujambo huko uliko, na kazi inakwendaje? Mimi mgongo unauma kama kawaida na cherehani inakwama kama kawaida, kwa hiyo sote wawili tuko wazima. Hii ni wiki ya tatu hupokei simu zangu. Nimeona nikuandikie, maana barua huwezi kuikata.

Ulisema shule inakupeleka pamoja na wanafunzi kwenye ule mji wa chuo kikuu cha zamani: makumbusho, maktaba, kanisa kuu. Nimewatangazia wateja wote kwamba mwanangu karani anasafiri na walimu. Sasa wananiuliza habari, nami nabaki kutafuna maneno. Niandikie yote, na usinibanie.

Shangazi yako

11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi ni mzima. Samahani kwa simu.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi: wanafunzi thelathini na wanane, mwalimu wa historia, na mimi. Kazi yangu ilikuwa kushika orodha na kuhesabu watu kila tunapoingia na kutoka. Makumbusho yana vyumba kumi na kimoja. Katika chumba cha nne kuna joho la mwanafunzi wa zamani sana, lina kiraka kwenye kiwiko. Nilikukumbuka. Mshono ni wa mkono, mdogo mdogo, umepinda kidogo mwishoni.

Maktaba ina vitabu vilivyofungwa kwa minyororo kwenye rafu, visiibwe. Kuna msichana ambaye wenzake humwita Redio kwa kuwa hanyamazi. Alimuuliza mkutubi, “Na wasomaji je, mlikuwa mnawafunga wapi?” Mkutubi alicheka hadi akavua miwani. “Wewe utarudi hapa kusoma,” akamwambia. Redio akajibu, “Nitarudi. Nitunzie kiti cha dirishani.”

Baadaye tulikwenda kanisa kuu. Lina mnara.

Mwanao

17 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku hakuna jipya ila mvua.

Umenihesabia vyumba vya makumbusho, umenionyesha hadi mshono wa kiwiko, halafu kanisa kuu zima umelipa maneno mawili. “Lina mnara.” Hata mimi ningebuni hayo nikiwa hapa hapa kwenye kiti changu.

Nimekulea tangu una miaka sita. Siku uliyovunja kioo cha jirani ulikuja ukanisimulia habari za paka wake kwa nusu saa. Kwa hiyo sasa niambie: nini kilitokea mnarani?

Shangazi yako

2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini wewe na majirani hamjambo.

Redio amefariki.

Mnara una ngazi mia mbili na kumi na nne, za kuzunguka, nyembamba, hakuna pa kupishana. Mwalimu aliuliza pale chini, “Kuna mwenye tatizo lolote la afya?” Akaitazama orodha mkononi mwangu. Nami nikaitazama. Redio hakunyoosha mkono. Alitaka kufika juu. Alipanda mbele yangu, akieleza jinsi atakavyoishi katika mji ule, chumba gani, baiskeli ya rangi gani. Kisha akanyamaza. Mwenzake wa mbele akasema bila kugeuka, “Jamani, Redio imeishiwa betri!” Wakacheka. Yeye alikuwa ameshakaa kwenye ngazi. Hospitali walikaa naye siku mbili.

Alikuwa na ugonjwa wa moyo. Mama yake aliandika kwenye fomu ya ruhusa: asikimbie, asipande ngazi ndefu. Fomu zote nilizipokea mimi, nikazinakili kwenye orodha yenye safu saba. Safu ya saba ilikuwa ya afya. Nilipochapisha, safu hiyo ikawa inatoka peke yake kwenye karatasi ya pili. Haikupendeza. Nikaifuta ili orodha ienee kwenye ukurasa mmoja. Nilikuwa nimeisoma, Shangazi. Nilijiambia nitakumbuka. Siku ile nilikumbuka kuhesabu tu.

Mkuu wa shule aliponitaka fomu, nilimpa orodha. Akaridhika. Mwalimu amesimamishwa kazi.

Mama wa Redio huja dirishani kwangu kila Jumatatu. Mumewe anamwambia alificha ugonjwa wa mtoto kwa kuona haya. Sasa hata yeye hana uhakika. “Binti, hebu niangalizie. Ile sehemu niliijaza, au sikuijaza?” Namwambia mafaili yako kwa mkuu. Yako kwenye droo yangu, hapa gotini.

Sijalia. Nakula, nalala, nagonga mihuri.

Mwanao

6 Julai

Mwanangu,

Pole. Salamu tutapeana siku nyingine.

Nyamaza. Najua si neno zuri, na najua si mimi niliyekufundisha hivyo. Lakini mtoto wa watu hatarudi ukisema, na wewe watakufunga, nami sina mwingine. Karatasi hupotea maofisini kila siku. Hiyo nayo ipotee. Sema unaumwa, uje nyumbani. Kuna cherehani ya pili, imekaa bure.

Leo nimekata sketi ya mteja ikawa fupi kwa vidole vinne. Miaka thelathini sijafanya hivyo. Njoo.

Shangazi yako

30 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe tisa. Nimekuwa nikitembea nayo kwenye mkoba.

Usishtuke. Nimesimamishwa kazi, na Alhamisi polisi watanihoji. Nimeambiwa nisiondoke mjini, kwa hiyo siwezi kuja.

Jumatatu mbili nilifanya ulivyosema. Jana mama wa Redio alikuja, lakini hakuuliza swali lake. Alisema, “Nipe fomu tupu. Niijaze hapa hapa, niuone mkono wangu utafanya nini ukifika ile sehemu.” Nikampa. Nyuma yake walikuwapo wazazi watatu kwenye foleni. Mmoja akasema, “Mama, wengine tuna kazi.” Hakugeuka. Alijaza jina la mtoto, darasa, tarehe ya kuzaliwa. Alipofika kwenye afya aliandika moja kwa moja bila kuinua kalamu. Kisha akanitazama. “Lakini leo ninajua kilichotokea,” akasema. “Siku ile je?”

Nilifungua droo. Nikaiweka fomu ya kwanza kando ya ile ya pili. Maneno yalikuwa yale yale, hata kifupisho cha jina la daktari.

Aliweka kidole juu ya mstari, akaufuata hadi mwisho.

“Nani aliisoma?”

“Mimi, mama.”

“Uliisoma.”

“Niliisoma.”

Nilingoja anipige. Aliomba nakala mbili, moja ya mumewe na moja ya mama mkwe wake. Nikamtolea. Alizikunja, akazitia kifuani, si kwenye mkoba. Nakala ya tatu nilimpelekea mkuu mwenyewe, pamoja na orodha zote mbili, yenye safu ya saba na isiyo nayo.

Ila kabla ya hapo, yule mama alipofika mlangoni aligeuka. Nilidhani sasa atanilaani.

“Basi,” akasema, “Jumatatu siji tena.”

Mwanao