Ukumbi wa Viatu vya Magurudumu

Jumanne

Leo nimempiga mtu kwa jiwe, mimi mwalimu wa historia.

Asubuhi vijana wa kukodiwa walikuja na nyundo kubomoa ule ukumbi wa zamani, pale Wazungu walipokuwa wakiteleza kwa viatu vya magurudumu. Mwaka mzima nimeandika barua nikiomba uhifadhiwe. Nikasimama mlangoni. Mmoja akanisukuma, kichwa kikagonga ukuta. Nikaokota jiwe, nikampasua paji la uso. Alilia kama mtoto. Na mimi nilitaka kumpiga tena.

Nyumbani Susu, nyanya yangu, alinisafisha kidonda bila kunipa pole.

"Baba yangu ndiye alikuwa anapiga ile sakafu nta," akasema. "Siku moja Mzungu akapitisha magurudumu juu ya vidole vyake. Akageuka, akapita tena. Wenzake wakacheka."

"Susu, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaupenda sana ule ukumbi."

Hilo halimo katika barua zangu hata moja.

Kesho wanarudi kuangusha ukuta wa nyuma, ndio pekee uliobaki. Susu anataka nimpeleke akauone ukianguka. Nimemwambia tutatoka saa mbili.