Jina la Dionisi Kwenye Vipimo vya Samaki

Kivukoni, Ifakara
9 Juni 2024

Mpendwa mpwa wangu Marsiana,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha, maana hukulelewa vibaya. Hujambo na baridi ya huko Norwe? Masomo yanakwendaje? Sisi hatujambo. Mguu wangu umepona, ila mke wangu Digna anadai nachechemea kila akinituma kuni.

Nina shukrani nyingi kwako. Miaka ile mimi na marehemu Dionisi, mwenzangu wa mtumbwi, tuliwapimia watafiti samaki, na hatukujua vipimo vilikwenda wapi. Wewe umevikuta kwenye mtandao, vimewekwa wazi kila mtu asome bure, na chini pameandikwa "wavuvi wa eneo hilo" tu. Ukakataa. Umewaandikia mpaka wameweka majina yetu mawili. Ahsante sana, mwanangu.

Niliposikia kila kitu kiko wazi niliingiwa na hofu. Mvuvi hatangazi mahali pake pa kuvulia, hata kwa padri. Kumbe wametaja mto tu, kambale wangu wamesalimika.

Nilikwenda na Yosefina, mjane wa Dionisi, kwa Wiliam wa stesheneri akatufungulia ukurasa. Unakumbuka alivyogombana na mumewe: wateja wanaondoka, samaki wanalegea juani, mwanamume bado kashika rula. Tangu msiba amekuwa akisema Dionisi alimaliza nguvu zake kwa kazi isiyo na shukrani.

Alipoonyeshwa jina aliomba asomewe tena. Akauliza kama watu wa mbali nao wanaliona.

"Marsiana si kaliona hukohuko, mama," Wiliam akamwambia.

Alilia, halafu akacheka. Mimi nililia tu.

Juzi nimetia mtumbwi nanga nikamkuta kando ya mto, rula mkononi. Watafiti wameomba vipimo vya msimu huu, na yeye ndiye anayepima. Wateja anawaambia wasubiri. Mimi ananikaripia kuliko alivyomkaripia marehemu.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Waandikie tena watafiti hao, jina la Yosefina liwepo tangu samaki wa kwanza. La Dionisi limemkuta kaburini. Huyu alione kwa macho yake.

Digna na watoto wetu, Levina na Faustin, wanakusalimu sana. Mungu akutunze ugenini na akurudishe salama kwetu.

Mjomba wako akupendaye na kujivunia wewe,
Raimundi