Des Pascoe, Aliyemwita Mama Yake Upepo

Mwaka umezunguka, Des, tangu ututoke pale nyumbani Port Pirie, katika chumba alichofia mama yako. Majirani walileta pai za nyama hadi friji ikakataa kufungika. Gazeti la jijini Adelaide halikuandika neno. Wiki ile kulikuwa na fainali ya mpira.

Maisha yako yote ulitunga muziki wa filamu, na leo tuseme ukweli: hakuna aliyekujua. Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Chako kilibaki mezani hadi soko linafungwa. Muziki wa ile filamu ya mamba mla watalii ulikuwa wako. Wa tangazo la dawa ya meno pia. Waongozaji walikuwa wakibandika kwenye picha muziki wa mtu mwingine, wa kushikizia tu mpaka wewe umalize wako, kisha wanauzoea huo wa kushikizia, wanaupenda, wanakuita. "Des, tunataka kama huu, ila usiwe huu." Ukiwaletea, wanaufukia chini ya mngurumo wa lori. Nawe unarudi nyumbani, unavua viatu, unamwuliza mkeo Coral kama chai ipo. Hukuwahi kumfokea mtu. Hilo tunakupa.

Ulikuwa mwema, tena sana. Ulitengeneza kinanda cha kanisa bila kudai hata shukrani. Lakini ulikuwa na kile kinasa sauti, na mfukoni hakikutoka hata harusini. Ulinasa nyaya za uzio zikilia kwa joto. Ulinasa birika la Coral na mbwa wa jirani. Binti yako Tamsin alipong'oka meno ya mbele ulinasa kithembe chake, ukamfanya mzimu katika filamu ya watoto, na shuleni wakamwita Mzimu mpaka akamaliza. Alipokuja kulia kwako ulicheka. "Si umekuwa nyota, mwanangu?"

Mama Beryl ndiye aliyekupenda bila masharti. Filamu ikiisha, watu wakinyanyuka kutafuta makoti, yeye alibaki ameketi na mkoba magotini, akingoja jina lako lipite kwenye majina ya mwisho, kule chini kabisa, baada ya la mtu aliyekodisha ngamia. Likipita, anapiga makofi peke yake, mfagiaji kasimama na ufagio. Dada yako Noelene, aliyekuwa akimpeleka kwa gari, alitamani ardhi immeze.

"Mama, twende basi, wanafunga."

"Waache wafunge. Mwanangu hajapita."

Kisha mapafu ya Mama yakachoka. Noelene alimuuguza majira yote ya baridi, akilala kwenye kiti kando ya kitanda. Wewe ulikuja Jumapili, ukamletea maua, ukakiweka kinasa sauti kwenye rafu ya dawa.

"Unanasa nini, Des, na mwenyewe haongei tena?"

"Nanasa chumba tu, dada. Kila chumba kina ukimya wake, na sisi watu wa filamu tunauchukua."

Noelene aliamini. Ndiyo kazi yenu, hata ukimya mnauweka kwenye kopo.

Mama alikuwa na mwaka kaburini ilipotoka ile filamu ya ukame. Noelene alivaa gauni lake la bluu, akaenda Adelaide kukupigia makofi kwa niaba ya marehemu. Mkulima kwenye picha anampiga risasi kondoo wake wa mwisho, fidla zinanyamaza, na chini ya ukimya huo inakuja sauti: inavuta, inakwama, inapiga mluzi mdogo, inaachia. Ukumbi mzima ulidhani ni upepo. Noelene alijikuta akingoja ikwame tena pale ilipozoea kukwama, nayo ikakwama. Alishika mikono ya kiti kwa nguvu hadi mwanamke aliyeketi kando yake akamwuliza kama anaumwa.

Filamu hiyo ikakupa tuzo, ya kwanza na ya mwisho. Usiku wa tuzo walikuuliza jukwaani ile sauti ya ajabu umeitoa wapi. Ukajibu, "Ni upepo tu, kwenye nyasi kavu za kaskazini." Watu wakakushangilia. Noelene alikungoja mlangoni, akakukamata tai mbele ya wageni wako.

"We Des! Upepo?"

"Dada, ngoja nikueleze."

"Hakuna cha kueleza. Rudi ndani ukawaambie ni Mama."

"Nikiwaambia hawatasikia muziki tena. Watasikia mtu anakufa."

"Si ndicho ulichokinasa? Haya, usiseme. Mwandike jina kule mwisho, lipite. Hata chini ya huyo wa ngamia."

"Nitamwandika. Nakala ijayo, naapa."

Hukumwandika. Noelene hakutaka kingine duniani ila jina la Beryl Pascoe lipite mara moja ukutani, naye ampigie makofi. Kila Krismasi alikuuliza, nawe ukamjibu nakala ijayo huku ukimkatia keki. Nakala zilitoka. Aliyekodisha ngamia yumo katika zote.

Lakini mwosha huoshwa, Des. Mapafu ya ukoo yalikufikia nawe, ukaletwa Pirie kwa dada yako, kwa sababu kazi hiyo aliijua. Sauti ilikuwa imekauka. Ulionyesha mkoba wako kwa kidole.

"Dada. Ninase pumzi. Tamsin atazitia kwenye muziki wangu."

Noelene akakichukua kinasa sauti, akakibonyezabonyeza, akakiweka kwenye rafu ile ile ya dawa na kukigeuzia uso ukutani. Alikwambia taa yake itakuumiza macho. Nawe ukatabasamu, ukaanza kupumua kwa ufundi. Tulikuona. Ulizipanga pumzi, hii ndefu, hii fupi, hii ukaikwamisha kusudi, maskini, kama uko mbele ya wapiga fidla. Coral alilia kwa fahari. Asubuhi ya mwisho ulimvuta Noelene mkono.

"Inanasa?"

"Inanasa, mdogo wangu. We pumua tu."

Noelene ameomba tuliweke jambo moja katika kumbukumbu hii, kwa kuwa uliondoka bila kulijua: hakukiwasha. Tamsin aliiona taa imezimika alipokuja kukufunika miguu. Alimtazama shangazi yake, akaziba mdomo wake wenye meno yote sasa. Baada ya mazishi Coral alikaa jikoni akitafuta pumzi zako ndani ya kile kitu, akakuta birika na mbwa wa jirani. Tangu hapo yeye na Noelene hawasalimiani, na kanisani kila mmoja ana upande wake. Noelene hajaomba radhi, wala hataomba. Coral amekubali majina yao yakae pamoja hapa kwa ajili yako tu.

Jumamosi hii wataionyesha tena ile filamu, hapa hapa katika ukumbi wa mji, kukuenzi. Noelene atakuja na mkoba wa Mama magotini. Hatangoja majina. Kondoo akianguka, fidla zikanyamaza, na ile pumzi ikakwama, atasimama apige makofi. Watu watageuka kumtazama, na tumeshawaomba wakuu wa ukumbi wasimtoe.

Unakumbukwa na mkeo Coral, ambaye bado anatenga vikombe viwili; binti yako Tamsin; na dada yako Noelene. Anakukumbuka pia mama yako Beryl, ambaye Jumamosi atakuwemo ukumbini.

Kukusahau hatuwezi, Des. Usiku na mchana upepo ukivuma hapa Pirie tunatega masikio. Ni upepo tu.