Nyama Niliyoiacha kwa Hasira

Mpendwa Mama,

Miezi minne imepita tangu tukuzike Munkunyu, na ulimi wangu bado haujazoea. Nikiwa sokoni bado nasema, "Mama anapenda maharagwe ya njano," halafu mtu ananitazama kwa huruma, nami nageuza uso.

Wiki iliyopita jirani yangu mwalimu aliniuliza jambo. Daktari amemkataza nyama kwa sababu ya miguu inayomvimba, na siku tano tu zimemtoa jasho. Akasema, "Mama Musoki, wewe uliwezaje kuacha nyama miaka yote hii?" Nikamjibu kwamba sombe, yale majani ya muhogo, ikitwangwa vizuri na kuungwa karanga, mtu hakumbuki nyama. Akafurahi, akaomba nimfundishe. Nilimfundisha kama ulivyonifundisha wewe, mwiko kwa mwiko. Lakini jibu nililompa halikuwa jibu. Jibu lenyewe ni lako, na ulikufa kabla sijakupa.

Unakumbuka nilivyoingia kwenu, binti wa mgeni aliyetoka Kenya kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji. Lhukonzo changu, lugha ya kwenu, kilikuwa cha kuokoteza. Wewe Kiswahili ulikipata ng'ambo ya daraja la mpakani, ulipokuwa unauza maharagwe Kasindi, kwa hiyo tulikutana katika lugha ambayo haikuwa ya mama yako wala ya bibi yangu. Siku ya kwanza uliniangalia nikisonga bundu, ugali wenu wa muhogo, laini kama uji, ukanipokonya mwiko. "Bundu ya hivi mwanaume atakunywa na kikombe," ulisema. Baluku, mume wangu na mwanao wa pekee, alicheka mpaka akakaa chini. Nilikupenda siku ile, Mama, na nilikuogopa pia. Hofu ile ndiyo iliyoniponza, lakini nitafika huko.

Ilikuwa wiki ya kuelekea Krismasi. Musoki alikuwa hajaacha kunyonya. Ulifika kwetu Bwera mchana, jua limekuchoma, umeshika kikapu mapajani juu ya pikipiki tangu Munkunyu. Ndani mlikuwa na nyama ya ng'ombe iliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Ulituambia ng'ombe wa jirani alivunjika mguu, wakamchinja, wanakijiji wakagawana. Ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tena usoni mwako. "Mwaka huu mutoto wangu hatakula Noeli na maharagwe," ulisema.

Baluku aliikatakata nyama yeye mwenyewe. Bati la karakana yake ya kuchomelea lilikuwa limemkata kidole siku iliyotangulia, na kidonda kilikuwa bado kibichi. Vipande vingine alivichoma juu ya makaa, haraka haraka, nje vimeungua na ndani vinatoa damu. Wewe ulikula ile iliyochemka. Mimi nilikula kidogo.

Siku ya nne kidole kikatoa lengelenge, katikati jeusi kama kaa, na halikumuuma. Kilichomuuma ni tumbo. Mkono ukavimba hadi begani, homa ikapanda, akaanza kutapika. Hospitalini daktari alituuliza swali moja tu: "Mlikula nyama gani?" Mimi nilikutazama wewe, Mama. Daktari naye akageuka kukutazama. Ndipo tuliposikia neno kimeta. Kumbe yule ng'ombe alikufa mwenyewe. Krismasi ilitukuta wodini, na mwaka mpya ukatukuta matangani.

Mimi tumbo lilinisumbua siku mbili likaacha. Wewe hukuugua hata kidogo, na watu wakalisema hilo kwa sauti ya chini, wakihakikisha unasikia.

Baada ya matanga ulikuja kukaa nami Bwera ili nisibaki peke yangu na mtoto. Jioni ya kwanza nilipika maharagwe, nikakupakulia, nikasema, "Katika nyumba hii nyama haitaingia tena." Ulijibu, "Ni sawa, mwanangu." Nilidhani nimeweka nadhiri, nikajiona mtu wa maana. Wengine huacha nyama kwa ajili ya afya, wengine kwa kumwonea huruma mnyama. Mimi niliiacha ili niiweke mbele yako kila siku, kwenye sahani ambayo haikuwa nayo. Ulijua. Ulikuwa unakula ukiinamisha kichwa, ukisema asante, ukiosha sahani yako mwenyewe.

Kulikuwa na harusi Karambi, ya binti wa dada yako. Tulipakuliwa nyama. Nilisukuma sahani katikati ya mkeka, nikasema kwa sauti, "Sisi kwetu tunajua nyama inafanya nini." Wageni wote walikutazama. Ulivuta kitenge chako ukafunika magoti, ukabaki unatazama mikono yako. Njiani kurudi hukunikemea. Ulinibebea Musoki mgongoni mpaka alipolala. Afadhali ungenikemea.

Miaka mitatu tuliishi hivyo. Siwezi kusema ilikuwa mibaya yote. Ulikuwa unamwimbia Musoki huku mkichambua mboga ya dodo, na mtoto akajifunza Lhukonzo chako vizuri kuliko mimi. Lakini kila ilipofika saa ya kula, nyumba ilibana.

Halafu Musoki akaanza kula udongo. Wewe ndiwe uliyeona kwanza. Alikuwa anabandua ukuta wa jiko kwa kucha na kulamba vidole. Ukaniambia, "Mama Musoki, mutoto iko anakula udongo. Damu yake iko kidogo. Macho yake, angalia, ndani ni nyeupe." Nikasema watoto wote hula udongo. Ukasema, "Tumupatie hata maini, kidogo tu, ya bucha yenye muhuri." Nikakuuliza kama hukushiba nyama mara ya kwanza. Ukamfuta mtoto vidole kwa kitenge chako.

Sikujua kwamba kuanzia hapo, kila Jumapili baada ya misa, ulikuwa unampitisha kwa rafiki yako muuza mkaa, unamchemshia maini, unamlisha, unamnawisha mikono, ndipo mnarudi nyumbani. Jumapili moja maji yalikuwa yamekatika. Nilimwinua Musoki nimbusu, nikanusa vidole vyake.

Maneno niliyokwambia siku ile nayaandika hapa, kwa sababu nikiyaficha barua hii itakuwa ya uongo. Nilisema, "Unataka kumuua na huyu, kama ulivyomuua baba yake?"

Ulikuwa umeshika ndoo. Uliiweka chini polepole, maji yasimwagike. Ukasema, "Minamupatia maini juu minaona anaisha. Ukitaka kunitukana, nitukane. Lakini mupatie mutoto kitu ya damu." Asubuhi ulifunga nguo zako kwenye kitenge, ukambariki Musoki kwenye paji la uso, ukapanda pikipiki ya kurudi Munkunyu. Mtoto alilia siku nzima. Mimi nilifagia nyumba mara tatu.

Baada ya wiki sita hivi Musoki alianguka shuleni. Nilimpeleka kituo cha afya, wakampima. Nesi alikuwa mama wa makamo, anaongea pole pole. "Huyu mtoto damu yake iko chini sana," alisema. "Nyumbani anakula nini?" Nikamweleza: bundu, maharagwe mara moja moja, chai. Akauliza, "Nyama? Samaki? Yai?" Nikasema hatuli. Akasema, "Mtu anaweza kuishi bila nyama, sikatai. Lakini ukiitoa, ujue unaweka nini mahali pake. Wewe ulitoa tu." Halafu akauliza kama kuna wakati alikuwa na nafuu. Nikafikiri. Nikasema ndiyo, kuna miezi aliyoacha kula udongo. "Alikuwa anakula nini hiyo miezi?"

Nilijua jibu. Nililiona lile sufuria dogo kwa muuza mkaa, ambalo sikuwahi kuliona kwa macho. Nikatamka neno moja, maini. Nesi akaandika dawa, akanielekeza: maharagwe kila siku, mboga za kijani kwa wingi, mayai, samaki wadogo wa ziwani, chungwa baada ya chakula, na chai iwekwe mbali na mlo. Akaongeza, "Na kama kuna mtu wa kumlisha maini, mwambie aendelee."

Miezi mitano nilikaa na maneno hayo. Kiburi ni mzigo mtu anaoubeba huku akisema si mzito. Musoki alipata nguvu, akaanza kukimbia, na kila alipokimbia nilikumbuka kwamba sijaja kwako.

Nilipokuja ulikuwa unapalilia. Hukuniuliza nimefuata nini. Ulinikaribisha ndani, ukapika bundu na maharagwe, tukala. Nilikueleza ya nesi. Nilisema, "Mama, ulikuwa na haki. Nisamehe kwa maneno yale." Ulitafuna ukameza, ukasema, "Mutoto anakimbia?" Nikasema anakimbia. "Basi," ulisema, ukaniongezea mboga.

Nilikuwa nimekuja na maneno mawili, na nilikupa moja. La pili nilirudi nalo Bwera. Nilijiambia nitakuja tena Pasaka. Pasaka nikaja, nikakukuta una wageni. Nikajiambia mavuno. Mavuno yalipofika walinipigia simu kwamba umeanguka shambani na hukuinuka.

Siku ya kukuzika, wanawake wa kijiji walikuwa wanapika nyuma ya nyumba. Jirani yako yule mzee anayetembelea fimbo alikuwa amekaa karibu nami. Akasema, "Mukaka huyu, bibi ya Musoki, alikuwa anaogopa nyama. Tangu amuzike mutoto wake hakuitia mudomoni. Hata akiwa mugeni wa mutu, anasema tumbo inamuuma." Nilimuuliza kama ana hakika. Akaniangalia kama mtu asiyemjua mama mkwe wake. Na ni kweli, sikukujua. Miaka mitatu nilidhani nakunyima, kumbe ulikuwa umejinyima kabla yangu. Maini yale uliyachemsha, ukayakata, ukayapuliza yapoe, na hukuyaonja.

Sasa sikiliza neno la pili.

Siku ile ulipoleta kikapu, ulienda kisimani kunawa miguu. Baluku alinivuta kando ya nyumba. Akasema, "Mimi hii nyama naiogopa. Karakana asubuhi wamesema kuna ng'ombe Munkunyu ilikufa yenyewe. Mama wamemdanganya." Alitaka kuifukia shambani, akuambie polepole baadaye. Mimi nilimkatalia. Nilimwambia, "Mama ameibeba juani kutoka mbali. Ukiitupa atasema ni mimi, binti wa mgeni, nimekufundisha kudharau chakula chake. Kula tu. Ikichemka haina neno." Halafu akachukua kisu.

Wewe hukujua. Yeye alijua kidogo, nami nilijua kama yeye. Daktari alipouliza, ningeweza kusema. Nilikutazama wewe.

Ijumaa hii Musoki alirudi kutoka shuleni. Ana miaka saba sasa, ana meno makubwa kama ya baba yake. Nilikuwa nimempikia nyama. Siku hizi nampikia, ya bucha yenye muhuri, ingawa mwenyewe sili. Akasukuma sahani akauliza, "Ni kweli Mukaka alimuua Baba?" Msichana wa darasa lake alimwambia hivyo, naye alisikia kwa mama yake, na mama yake alikuwepo kwenye ile harusi ya Karambi.

Nilimweleza yote, Mama. Kisima, karakana, maneno yangu, kisu. Nilimweleza na ya maini. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja: "Mukaka alikuwa anajua ni wewe?" Nikasema hapana. Akasimama, akaenda kukaa nje.

Leo ni siku ya tatu. Anaamka, anasalimia kwa adabu, anakaa kula nami. Anakula akiwa ameinua kichwa na ananitazama. Sahani yangu ina sombe na karanga, iliyoungwa vizuri, na kila tonge nalimeza mbele ya macho yale. Simwambii aache kunitazama. Nilikulisha hivyo miaka mitatu, na wewe ulisema asante.

Pumzika kando ya mwanao, Mama. Sitaki unijibu.

Mkaza mwanao,
Mama Musoki