Dakika Tano za Arap Koech

Jumamosi, usiku

Ile saa kubwa ya ukutani bado naiona nikifumba macho.

Ibada ya kumuaga Arap Koech, niliyetoka naye jandoni, ilifanyika katika ukumbi mpya wa michezo, kwa kuwa mvua imegeuza boma lake kuwa tope. Jeneza liliwekwa katikati ya uwanja wa mpira wa kikapu. Alasiri ukumbi ulikuwa umekodiwa na wanamuziki, kwa hiyo kijana aliyeongoza shughuli alimwekea kila msemaji dakika tano kwenye saa ya mechi.

Sikupendezwa. Hata hivyo, utaratibu ni utaratibu.

Nilikuwa na jambo moja la lazima, nikaliweka mwisho. Nilieleza alikozaliwa, alikosoma, miaka yake kiwandani akipokea majani ya chai. Kabla sijalifikia, honi ikalia. Nikakunja karatasi.

"Asante, Mwalimu. Mwingine ajitayarishe," kijana alisema.

Mjane akasimama. "Mwalimu, usikae. Hiyo saa ni ya mpira. Huyu mzee hachezi."

Watu walicheka kidogo.

Ndipo nikasema kwamba mke wangu alipolazwa hospitali ya Longisa, ni Koech aliyempelekea uji kila asubuhi, mimi nikiwa darasani. Sikuwahi kumshukuru. Niliona kwamba baina yetu hapakuwa na haja.

Leo nimemshukuru kwa kipaza sauti, hadi waliokaa viti vya juu kabisa wakasikia. Wote walisikia isipokuwa yeye.