Trekta, Chungu na Mgeni wa Umoja wa Mataifa

Jumatatu, 3 Desemba 1956

Mkutano wa chama chetu cha wakulima wa mpunga. Mzee Melkiori, mwenyekiti, kavaa koti — nikajua kuna jambo. Mgeni wa Umoja wa Mataifa atapita Ifakara Jumamosi. Anaangalia tumefikia wapi, kisha akaandike taarifa huko New York: nchi hii iachiwe ijitawale, au ingoje. Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, alikwisha kutujibia zamani. "Bado hamjawa tayari." Tukiomba barabara, hatujawa tayari. Tukiomba mashine ya kukoboa, hatujawa tayari. Sijui huko kuwa tayari kunapimwa kwa pishi au kwa futi.

Trekta la chama litaonyeshwa likilima. Shamba la nani? Langu! Maana mimi ndiye niliyelipigania trekta hilo mpaka wakanichoka. Na mkalimani ni mimi, kwa Kiingereza changu cha masista. Furaha imenisahaulisha hata kula.

Jumatano, 5 Desemba

Wenzangu wamealikana kwa pombe, wamelima. Mimi sijagusa jembe mwaka huu — nangoja trekta. Mama mkwe akipita shambani anaguna. Leo mawingu yamekaa juu ya Udzungwa. Mvua ikishika kabla sijalima, sina mpunga, na mume wangu Raimundi akirudi kutoka mkongeni atanikuta nakula maneno ya mkutanoni. Naogopa. Nimeandika, basi.

Dereva ni Fulgensi, mtoto wa mjomba wangu, yaani mtani wangu. Kanitumia salamu: mwanamke akilimiwa shamba ameolewa, nianze kumpikia. Nimemjibu trekta lina sura nzuri kumshinda, nitalipikia lenyewe.

Ijumaa, 7 Desemba

Balaa.

Nilikwenda dukani kununua sukari ya mgeni. Nyuma huku Fulgensi akaja kulijaribu trekta, likalima ukanda mmoja safi kabisa. Kumbe mama mkwe kaandaa pombe. Kwake hakuna aliyepata kulima shamba la mtu akaondoka na koo kavu, ni aibu ya nyumba. Fulgensi akapewa kata yake, akaenda nayo kivulini. Na trekta je? Si ndilo lililofanya kazi! Mama mkwe alikwisha kuona linavyonyweshwa maji kwa mbele. Akafungua palepale, akalimiminia kibuyu kizima, machicha na yote.

Likaenda kidogo, likatoa povu, likazima. Shamba zima linanuka harusi.

Nilipofika nikaliona povu. Nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mashine yenu haiwezi pombe."

Fulgensi anasema rejeta imeziba, kesho halitembei. Nimelia. Halafu nikakumbuka alivyokuwa akiinusa ile rejeta, nikacheka, nikajichukia.

Jumamosi, 8 Desemba

Naandikia dunguni, kibanda chetu cha kuamia ndege, juu ya miti. Haraka haraka.

Mama mkwe hakuniomba radhi. Alfajiri alikitoa chungu cha pombe kilichobaki, akakiweka pembeni mwa shamba, akakaa. Hakuita mtu. Chungu kikiwa shambani kila mtu hapa anajua maana yake: njoo ulime, kisha unywe. Jua halijapanda sawasawa, watu wamejaa na majembe. Mzee Melkiori na koti lake. Fulgensi naye, anasema mke hapatikani bure.

Ndipo mgeni akafika na Bwana Shauri. Mrefu, kofia ya majani, mpole. Akaona trekta limesimama, watu wanalima kulizunguka. Akauliza nani kawaamuru. Nikatafsiri. Watu wakatazamana — hakuna. Akaandika. Akauliza tena: wanaonaje, wako tayari kujitawala? Nikatafsiri kwa sauti yangu ya kanisani.

Mama mkwe akampa jembe. "Penye chungu hatuulizani tumesimama. Mwambie alime kwanza."

Kavua viatu! Na kalima kweli, masikini. Mstari wake umepinda unaelekea Mahenge, majani kayafunika tu kwa udongo. Lakini jasho limemtoka, na shamba langu limebaki kipande kidogo, na mimi nimefurahi hata kuficha siwezi. Alipochoka akaja kwenye chungu, akanyoosha mkono kuomba kata.

Mama mkwe akaitazama kazi yake, mwanzo mpaka mwisho. Kata akaishikilia.

"Stefania, mwambie bado hajawa tayari."

Fulgensi kageukia pembeni, mabega yanamtikisika. Bwana Shauri, anayejua Kiswahili kuliko anavyokubali, amekuwa mwekundu. Mgeni akanitazama, anatabasamu, anangoja Kiingereza chake. Nikamwambia samahani, nafuata kamusi dunguni.

Kamusi sina.

Nachungulia. Matone yameanza. Mgeni yuko chini ya ngazi, udongo mpaka magotini, kalamu mkononi, anamwuliza Bwana Shauri yule mama kasemaje. Na Bwana Shauri anasema tumngoje mkalimani —